Mkate wa kunyofoa wenye shira: donge nunua, nguvu zako weka kwa sukari

Niseme mapema tusipotezeane muda. Kama unataka kuoka ule mkate mtamu wa kunyofoa, wa vitonge vidogo vidogo vilivyoshikana kwa shira ya sukari na mdalasini, yaani kila mtu anavuta chake kwa vidole mpaka trei inabaki tupu, basi usijisumbue kukanda unga. Nunua donge lililokandwa tayari. Najua kuna wenzangu watasema huo ni uvivu, wifi yangu mmoja aliniambia hivyo hivyo nikiwa jikoni, nikamwambia sawa dada, subiri uonje kwanza, na saa hizi ni yeye ananipigia simu kuuliza kama donge limebaki.

Hapa Arua, huku West Nile kaskazini-magharibi mwa Uganda, mimi naoka hii kitu Jumamosi jioni, au Idi, au Krismasi ya majirani wakija na watoto wao, na kwa vile nimeoka mara nyingi naweza kukuambia bila kusitasita kwamba anayeonja hakumbuki unga ulikandwa na nani. Anakumbuka ile shira ya kunata. Kwa hiyo nguvu zako ziweke huko.

Na hata huko kwao wenyewe Marekani, ambako wanaita Monkey Bread, wengi hawakandi. Asili yake inafuatwa mpaka kwa Wayahudi wa Hungary, walikuwa na mkate wao wa vitonge unaitwa arany galuska, wakahamia Marekani nao. Alafu kule Louisville, Kentucky, jamaa mmoja anaitwa Lively Willoughby akapata hati ya uvumbuzi mwaka 1931 ya kufungasha donge mbichi kwenye kopo la karatasi, likae kwenye friji mpaka siku mtu anataka kuoka. Leo mama wa kule anafungua makopo mawili ya donge, anakata, anachovya kwenye sukari, anaoka, kwisha. Nancy Reagan, mke wa rais, alikuwa anauweka mkate huu mezani Ikulu ya White House wakati wa Krismasi miaka ya 1980 na hapo ndipo umaarufu ukazidi. Sasa mke wa rais na mkate wake, wewe nani akucheke ukinunua donge la mandazi?

Maana donge la mandazi ndiyo njia yetu ya mkato. Yale makopo ya Marekani huku kwetu usihangaike nayo. Karibu kila mtaa una mama wa mandazi, na huyo mama alfajiri ana beseni la donge laini limeumuka vizuri, kazi yote ya mikono ameshamaliza. Mwendee jioni kabla, kwa heshima, mwambie, "Mama shikamoo, kesho naomba uniuzie donge mbichi karibu kilo moja kabla hujaanza kukaanga." Mlipe kama vile angepata akilikaanga, usibishane sana bei, ni haki yake, amekanda usiku wewe umelala. Nenda na bakuli lenye mfuniko, ulipake mafuta kidogo ndani, maana donge hilo ukilibeba kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, linashika kila mahali.

Lakini kabla hujalipa uliza swali moja: ameweka hamira au baking pauda? Hapa Uganda wengi wanatumia baking pauda na siyo vibaya, ila hayo madonge mawili hayatunzwi namna moja. La hamira ukilikata vitonge lipe muda liumuke tena kwenye trei, kwa joto letu la huku nusu saa hadi dakika arobaini inatosha. La baking pauda halitaki kungoja, pauda ikishalowa inaanza kazi, kwa hiyo kata upesi na oka upesi, ukiliacha likikungoja linachoka na mkate unatoka mzito. Pia onja sukari yake, wengine wanatia sukari nyingi na iliki tangu kwenye donge, ukikuta hivyo punguza sukari ya kupakia nje.

Kama mama wa mandazi hayupo, kuna njia ya pili napenda pia, unga wa self-raising na yogati isiyo na sukari, au bongo nzito, yaani maziwa ya mgando, ukiipata. Vikombe vinne vya unga, vikombe viwili vya yogati, chumvi kidogo, changanya kwa mkono mpaka ushikane tu, basi. Yogati ikiwa nyepesi usimimine yote mara moja. Haina ladha ya hamira lakini ni laini na dakika kumi umemaliza. Na ukiwa na unga wa kawaida wa ngano ongeza baking pauda vijiko viwili vya chai kwa kila kikombe cha unga.

Ile ya tatu watu wananiuliza sana, eti donge la chapati kutoka kwa kijana wa rolex, yule anayeuza chapati ya kuviringishwa na mayai, si liko karibu? Hapana. Lile halina cha kuliumua, ukilioka kwa vitonge linakuwa gumu na shira haiingii, inabaki inaelea nje tu. Muachie kijana chapati zake.

Haya, sukari. Kwa kilo moja ya donge nachukua nusu kikombe cha sukari ya kawaida na vijiko viwili vya chai vya mdalasini wa unga, nachanganya kwenye bakuli, hiyo ni ya kuviringishia vitonge. Alafu shira yenyewe: gramu 150 za siagi au Blue Band, yaani zaidi kidogo ya nusu ya kopo la gramu 250, kikombe kimoja cha sukari ya brauni, na chumvi ya kubana kwa vidole. Chumvi usiiache, ndiyo inafanya utamu usichoshe. Sukari yetu ya Uganda nyingi ina rangi ya kahawia kidogo yenyewe, inafaa, ila mimi nikipata sukari guru ndiyo naipenda kuliko zote, naikwaruza kwa kisu mpaka iwe unga unga, ina ladha nzito ya muwa ambayo ya paketi haina. Weka siagi na sukari kwenye sufuria ndogo moto mdogo, koroga mpaka siagi iyeyuke yote na ianze kutoa mapovu, iache itokote kama dakika moja. Blue Band ina maji zaidi kuliko siagi kwa hiyo iongezee dakika nyingine. Usitafute chembe za sukari ziishe kabisa, zitamalizikia kwenye oveni. Ukiipika sana saa hii, baadaye inakuwa pipi ya kuvunja meno.

Na hapa kuna kitu wengi hawakitazami: kama donge ni la hamira, usilimwagie shira ya moto wa kuchemka alafu utegemee liumuke. Hamira ni kitu hai, joto la nyuzi 60 hivi linaiua. Ama acha vitonge viumuke kwanza na shira umwage dakika ile unaingiza kwenye moto, ama iache ipoe mpaka ukigusa nje ya sufuria mkono unavumilia. Mimi nafanya ya kwanza.

Kukata ni kazi ya watoto, hapo waite. Vitonge viwe vya sentimita tatu hivi kwa upana, vidogo kuliko unavyodhani, kwa sababu vitaumuka, na pia kitonge kidogo kina ngozi nyingi ya kushika sukari. Viringisha kwenye sukari na mdalasini, panga kwenye chombo kilichopakwa siagi vizuri hadi kwenye kuta, bila kubana, usizidi theluthi mbili ya chombo. Katikati ndipo mkate huu unasumbua sana, nje umeiva ndani bado unga mbichi, ndiyo maana Wamarekani wanatumia ile trei yenye tundu katikati. Ukiwa nayo vizuri. Huna, chukua kikombe cha bati, kipake siagi kwa nje, kijaze mchanga mkavu au mchele kisitembee, kisimamishe katikati ya sufuria na upange vitonge kukizunguka. Ni tundu tosha. Alafu mwaga shira juu yote, itashuka yenyewe mpaka chini.

Moto sasa. Kwa oveni ni nyuzi 175, dakika 35 hadi 40, na weka trei nyingine chini maana shira ikifurika ikidondoka kwenye oveni utanuka moshi nyumba nzima. Lakini wengi wetu tuko na sigiri, yaani jiko la mkaa, na kusema kweli mkate wa sigiri mimi nauona mtamu zaidi, una kaharufu ka mkaa. Chukua sufuria kubwa ya bati zito, weka mchanga mkavu chini kama vidole viwili, uweke kwenye sigiri upate moto dakika kumi au kumi na tano, alafu weka mawe matatu madogo juu ya mchanga na chombo chako cha mkate kikae juu ya mawe. Funika kwa mfuniko bapa, palia makaa juu.

Sikiliza hapa vizuri. Keki ya kawaida inasamehe moto wa chini, huu mkate hausamehi, kwa sababu shira yote imeshuka chini, na sukari ndiyo ya kwanza kuungua. Ikishaungua inakuwa chungu, hakuna dawa. Kwa hiyo makaa mengi yawe juu, chini acha machache tu, ukiona mkaa wa chini umekolea sana punguza utie majivu juu yake. Usifunue funue dakika 25 za kwanza. Baada ya hapo harufu itakuambia, ikiwa ya mdalasini na siagi uko sawa, ikianza kuwa kali ya kuchoma pua ondoa makaa yote ya chini mara moja, uache ya juu yamalizie.

Kujua kama umeiva, kijiti hakisaidii sana, kinatoka na shira unadhani ni unga mbichi. Mimi nachukua uma, natenganisha vitonge viwili vya ndani karibu na kikombe, natazama. Pakiwa na nyuzi nyuzi za mkate umeiva. Paking'aa kama unga uliolowa rudisha dakika tano au nane, juu kukiwa kumeshakuwa kahawia funika na foili.

Kupindua. Jamani hapa ndipo watu wanaharibu mkate mzuri kabisa. Ukiupindua papo hapo shira bado ni maji, inakimbilia kwenye sahani yote na mkate unabaki mkavu juu. Ukiuacha ukapoa kabisa shira inakaza, inashika chombo, unapindua nusu inatoka nusu inabaki. Subiri dakika kumi, tazama saa kweli. Pitisha kisu pembeni na kuzunguka kikombe, kichomoe kikombe na mchanga wake, weka sahani pana juu, shika vyote kwa vitambaa viwili, geuza kwa mara moja bila woga, uache dakika moja shira imalize kushuka ndiyo unyanyue chombo. Kama umechelewa umekaza, rudisha chombo juu ya moto mdogo dakika mbili, sukari italegea.

Watoto wakae mbali wakati wa kupindua, siyo utani. Sukari iliyochemka ni mbaya kuliko maji ya moto kwa sababu inang'ang'ania ngozi. Ikimmwagikia mtu, maji safi ya baridi yanayotiririka dakika 20, usipake dawa ya meno wala unga wala siagi, na kama ni kubwa au ni usoni peleka hospitali.

Ukishauzoea mkate wa kawaida unaweza kuucheza. Karanga za kukaanga zilizopondwa kidogo nazitupia chini ya chombo kabla ya vitonge, ukipindua zinakuja juu zimeshikwa na shira, banange hiyo usinionjeshe nikiwa na njaa. Simsim iliyokaangwa pia, sisi wa kaskazini tunayo ya kutosha. Vanila tunalima wenyewe hapa Uganda, Mukono, Bundibugyo na kwingine, ukipata ganda lake halisi pasua ukwangue mbegu utie kwenye shira ukishaitoa motoni. Asali ya West Nile unaweza kuweka mahali pa robo ya sukari, isizidi hapo, asali inawahi kuwa nyeusi. Bogoya, yaani ndizi mbivu tamu, mimi siweki ndani, inatoa maji na katikati panakataa kuiva, bora uikate uile pembeni na chai ya maziwa.

Uliwe wa moto moto siku hiyo hiyo. Ukibaki, funika vizuri, kesho yake mwagia vijiko viwili vya maji chini ya sufuria, weka mkate juu ya sahani ya bati ndani yake, funika, moto mdogo dakika tano. Shira inalainika tena na vitonge vinanyofoka. Na kile kikombe cha bati kiloweke maji ya moto usiku ule ule, ukingoja asubuhi sukari yake haitoki.