Kioo kibaki ukutani

Pole dada wa Ujiji. Umesema mdogo wako mwenye tatizo la ulaji ameanza kula vizuri tangu aende kwa mshauri, ila bado anajifinya tumbo mbele ya kioo, na unauliza kama ukiondoe. Hapana. Atajitazama kwenye simu, na asipojitazama kabisa hofu itazidi.

Mshauri kutanguliza chakula si kosa. Katika tiba ya matatizo ya ulaji ya Christopher Fairburn, daktari wa akili wa Oxford, milo hutulizwa kwanza, suala la umbo hufuata. Hapo mgonjwa huandika kila anapojikagua: kajifinya wapi, alitafuta nini, baadaye alijisikiaje. Wengi hushangaa ni mara ngapi kwa siku. Kisha hujiuliza kabla ya kusogelea kioo: nataka kujua nini, na kioo kinaweza kunijibu? Kufunga kitenge kunahitaji kioo. Kupima thamani yako, hapana. Kujificha kwenye magauni mapana na kukwepa picha navyo hushughulikiwa, pole pole. Mwambie amuulize mshauri wake waziwazi lini watafika huko.

Nyumbani, shida ni salamu zetu. "Umenenepa, mawese yamekukubali!" Shangazi anasifia kwa moyo mweupe, binti anakwenda kutapika. Waombe wamsalimie kwa mengine, hata "umepungua" wasiseme.

Na kama bado anatapika, mpeleke hospitali ya Maweni apimwe potasiamu, madini ya mwilini ambayo kutapika huyapunguza. Yakishuka huvuruga mapigo ya moyo, hata kwa mtu asiyekonda. Akizimia au moyo ukienda mbio, nendeni saa hiyo hiyo.