Kobe Usiyemtaka Usimtupe Porini

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Mnyama uliyemfuga ukishindwa kumtunza, utampeleka wapi?" Najua wengi watajibu kuhusu mbwa na paka. Mimi najibu kuhusu kobe, maana hapa Voi, ninakofanya kazi ya usaidizi kwa daktari wa mifugo, kobe huletwa kwa kunong'ona. Mtu anaingia na boksi, anatazama nyuma yake, ndipo anauliza kama tunaweza kumchukua bila maneno mengi.

Hadithi zao hufanana. Kobe aliokotwa akivuka barabara, mdogo wa kutosha kiganjani. Watoto wakampenda, wakampa jina. Sasa watoto wako chuoni au wana miji yao, ploti imeuzwa, na mwenye nyumba mpya hataki kinyesi kwenye veranda. Kobe naye bado kijana. Yule wetu wa madoa mwenye gamba lililoinuka, anayeonekana sana Tsavo, anaweza kuishi miaka 50 na zaidi. Aliyemwokota akiwa mtu mzima amewaachia wengine mzigo.

Majirani hawakosi ushauri. Mmoja atasema mrudishe porini, mwingine atasema mtie bwawani. Huo wa pili ni kumuua. Mtazame miguu: kobe wa nchi kavu ana miguu minene ya kubeba uzito, hakuumbwa kuishi majini, na kwenye maji ya kina anaweza kuzama. Wako kobe wa majini, wale bapa wenye utando katikati ya vidole, wanaotoa uvundo ukiwashika na kukunja shingo pembeni badala ya kuirudisha ndani. Lakini hao ndio nadra kuwaona kwenye boksi, pengine kwa sababu ya huo uvundo wenyewe.

Ushauri wa kwanza unaonekana wa huruma, ndiyo maana unaniudhi zaidi. Kobe anajua eneo lake: penye kivuli, penye maji baada ya mvua, penye tundu la kujificha. Ukimshusha kwenye kichaka asichokijua huanza kutembea, hazururi kwa raha, anatafuta kwao, na barabara ya Mombasa iko palepale na malori yake. Halafu kuna maradhi. Kobe aliyekaa miaka na kuku, mbwa na kobe wengine wa kuokotwa anaweza kubeba mafua ya kobe, ugonjwa wa kutokwa makamasi puani, bila kuonyesha dalili yoyote. Marekani, kwenye jangwa la Mojave, kobe wa kufugwa walioachiliwa wametajwa na wataalamu kati ya njia zilizowaletea kobe wa porini ugonjwa huo. Unamwokoa mmoja, unawaambukiza kumi.

Kwa hiyo apelekwe wapi? Kwa Kenya mlango ni mmoja: Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kwa wasomaji wa Tanzania Bara, ni Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA. Kobe si mfugo. Sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu kumweka bila kibali, na mahakama hazichukulii jambo hili kwa mzaha. Mwaka 2025 vijana wawili Wabelgiji walipewa adhabu ya kulipa faini ya shilingi milioni 1 au kufungwa miezi 12 kwa sababu ya sisimizi. Sisimizi!

Hapo ndipo watu huogopa, na woga ndio unaowafanya wamtupe kobe usiku. Piga simu ofisi ya KWS ya kaunti yako kabla ya kumsogeza popote. Eleza aliokotwa wapi, amekaa miaka mingapi, alikuwa akila nini, na uombe waje wamchukue au wakueleze umlete vipi. Usimpakie kwenye matatu kwanza halafu ujieleze kwenye kizuizi cha polisi. Boksi lenye matundu na nyasi kavu chini linatosha. Usimwekee bakuli la maji safarini. Mkabidhi mbele ya shahidi na uombe karatasi.

Maoni yangu ni kwamba serikali ingetusaidia kwa kutangaza wazi siku za kupokea wanyama bila kumkamata anayewaleta. Jimbo la Florida lina mpango wa namna hiyo kwa wanyama wa kigeni tangu 2006: unamleta chatu au kobe wako, huulizwi makosa, anatafutiwa mlezi aliyekaguliwa. Kama wenye machatu wanasamehewa, sembuse mama wa Voi mwenye kobe mmoja.

Usimpe kobe yeyote atakayesema "nipe mimi", hata akiwa na hoteli yenye bustani nzuri. Kobe huuzwa, na kwa bei kubwa. Kisiwa cha Changuu, Zanzibar, kililetewa kobe wakubwa wanne kutoka Shelisheli mwaka 1919. Wakazaana, kisha wezi wakawamaliza hadi wakabaki saba tu mwaka 1996. Na kama wako ni bapa kabisa, mwenye gamba linalobonyea kidogo, usidhani ni mgonjwa. Huenda ni yule wa kwenye nyufa za miamba, anayetaga yai moja kwa wakati, na tangu 2019 biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku. Huyo mtajie afisa tangu simu ya kwanza.

Wakati unasubiri, acha kumpa mkate, ugali na maziwa. Mpe nyasi na majani. Tumepokea kobe wenye magamba yaliyofanya vilima kama tuta za viazi, waliolelewa kwa mabaki ya mezani. Tumepokea pia waliotobolewa gamba ili wafungwe kamba. Gamba ni mfupa hai wenye neva, anasikia maumivu. Kama tayari lina tundu au rangi, usikwaruze wala kuziba, mwachie daktari.

Na kama ni jike, na umewahi kumwona akichimba kwa miguu ya nyuma, waambie na uwaonyeshe mahali. Anaweza kutaga muda mrefu baada ya kukutana na dume. Mayai ya kobe wa madoa huweza kukaa ardhini hata mwaka mzima kabla ya kuanguliwa, na yasigeuzwe wakati wa kuyafukua. La sivyo mtapeana mikono na afisa leo, na mwakani mpigiane simu tena kwa ajili ya vitoto kumi.

Msomaji, Voi