Mbunge wa Texas analipwa dola 600 kwa mwezi. Ataishi vipi?

SWALI: Kaka mhasibu, habari za kazi? Jumuiya yetu hapa Houston ina kijana, raia wa Marekani, dereva wa trela, anayetaka kugombea Baraza la Wawakilishi la Texas. Tumeshaanza kuchangishana. Juzi mjomba akasema mbunge wa jimbo hapa analipwa dola 600 kwa mwezi. Watu wakamwambia amesahau sifuri moja. Ukweli ni upi? Na kama ni kweli, michango yetu inaweza kumlipia kodi ya nyumba akishinda?

JIBU: Njema, dada yangu. Mjomba hajasahau kitu. Ni dola 600 kwa mwezi, yaani 7,200 kwa mwaka, na hapo kodi haijakatwa. Kiwango hicho kimo ndani ya katiba ya Texas na hakijabadilika tangu 1975. Wabunge hawawezi kukaa wakajiongezea wenyewe. Tangu 1991 Tume ya Maadili ya Texas inaruhusiwa kupendekeza nyongeza, ila lazima wapiga kura waikubali kwanza. Hata naibu gavana, anayeongoza Seneti na mwenye sauti kubwa kuhusu muswada gani usikilizwe, analipwa hizo hizo 600. Gavana ndiye yuko mbali: dola 153,750 kwa mwaka.

Najua kwa nini watu walicheka. Kwetu Afrika Mashariki neno mbunge linakuja na mshahara mnono na gari. Marekani kila jimbo lina utaratibu wake. New York tangu 2023 mbunge anapata dola 142,000 kwa mwaka. New Hampshire anapata dola 200 kwa kipindi kizima cha miaka miwili, kiwango kilichowekwa 1889. Alabama wamefunga mshahara wa mbunge kwenye kipato cha kati cha kaya za jimbo, na California wameikabidhi kazi hiyo tume ya wananchi. Kwa hiyo ukisikia mtu anataja "mshahara wa wabunge wa majimbo" kwa tarakimu moja, muulize anazungumzia jimbo gani.

Sasa tuje kwenye hesabu ya kijana wenu, maana mshahara ni sehemu ndogo tu.

Juu ya mshahara kuna posho ya kikao. Bunge la Texas hukaa kikao cha kawaida kila mwaka wa namba witiri, kuanzia Januari, kwa siku zisizozidi 140. Mwaka 2023 posho ilikuwa dola 221 kwa siku. Zidisha mara 140, unapata 30,940. Jumlisha na mshahara, mwaka wa kikao unampa 38,140. Mwaka unaofuata, kama gavana hakuitisha kikao maalumu, anabaki na 7,200 zake. Mwanga kidogo kuhusu kodi: sheria ya shirikisho ina kifungu kwa wabunge wa majimbo wanaoishi zaidi ya maili 50 kutoka makao ya bunge, ambacho mbunge akichagua kukitumia, sehemu kubwa ya posho haitozwi kodi ya mapato. Houston iko mbali na Austin, mji mkuu wa jimbo, zaidi ya hapo, kwa hiyo kijana anaingia. Lakini posho hiyo ndiyo inayotakiwa kumlaza na kumlisha Austin miezi mitano, huku nyumba ya Houston nayo inadai kodi yake. Msiihesabu kama faida.

Halafu kuna mambo mawili ambayo watu hawayaoni kwenye jedwali la mishahara. La kwanza ni bima ya afya ya watumishi wa jimbo, ambayo mbunge anastahili. Kwa dereva anayejilipia bima mwenyewe, hilo si dogo. La pili ni pensheni, na hapa ndipo penye utamu wote. Pensheni ya mbunge wa Texas haihesabiwi kwa dola 600. Kwa miaka mingi imehesabiwa kwa mshahara wa msingi wa jaji wa wilaya, ambao hadi 2025 ulikuwa dola 140,000: asilimia 2.3 kwa kila mwaka wa utumishi. Chukua msingi huo wa dola 140,000 na mbunge aliyetumikia miaka 12. Miaka 12 mara 2.3 ni asilimia 27.6, sawa na dola 38,640 kwa mwaka, au 3,220 kila mwezi, na anaweza kuanza kuichukua akiwa na miaka 50. Yaani anastaafu kwa pesa zaidi ya mara tano ya mshahara wake wa kazini. Kwa maoni yangu huu ni mpangilio mbaya. Unamlipa aliyeweza kuvumilia miaka mingi bila kipato, na huyo mara nyingi ni mtu ambaye tayari alikuwa nacho.

Tatizo la kijana wenu ni miezi hiyo mitano. Wakili akiwa mbunge, sheria ya Texas inamruhusu kuomba kesi zake ziahirishwe wakati wa kikao. Dereva wa trela haahirishiwi mzigo. Kabla ya kuchapisha bango lolote, kaeni naye na mkewe mpige hesabu: nani ataendesha gari, mkopo wa trela utalipwa na nani kuanzia Januari hadi mwisho wa Mei. Akikosa jibu, ni afadhali mjue leo.

Kuhusu michango, tafadhali soma hapa kwa makini, kwa sababu harambee yetu ya kawaida inaweza kumfikisha pabaya.

Kodi ya nyumba ya Houston hailipwi kwa pesa za kampeni. Texas inakataza kuzigeuza kuwa matumizi binafsi. Kilichoruhusiwa, kwa mbunge asiye mkazi wa kaunti ya Travis (ndiko iliko Austin), ni gharama za kiasi za makazi pale Austin.

Kabla ya kupokea hata dola moja, lazima awe ameteua mweka hazina wa kampeni kwa maandishi. Kama mmeshakusanya, simamisheni sasa hivi, pesa zirudi kwa wenyewe, muanze upya kwa utaratibu. Pesa taslimu zisizidi dola 100 kwa mtu mmoja katika kipindi kimoja cha taarifa ya fedha za kampeni. Chama chenu kikiwa kimesajiliwa kama kampuni, hata isiyo ya faida, kisitoe kitu: ni kosa la jinai.

La mwisho ndilo linalonipa hofu zaidi. Raia wa Marekani na mwenye green card (kibali cha ukaazi wa kudumu) wanaruhusiwa kuchangia. Mwenye viza ya masomo, anayesubiri hifadhi, mkimbizi ambaye bado hajapata green card, na ndugu aliye Mombasa au Bukavu hawaruhusiwi, hata kwa uchaguzi wa jimbo. Wala asiyeruhusiwa asimpe jirani pesa ili jirani azichangie kwa jina la jirani. Pitieni orodha ya michango jina kwa jina. Wasioruhusiwa kuchangia bado wanaweza kujitolea bila malipo, kugonga milango na kupiga simu.