Tarehe ya makala ya jarida kwa APA

Ukiorodhesha makala ya jarida kwenye marejeo ya kazi yako, mwaka peke yake hautoshi, mkuu. Kwa APA (mtindo wa kuandika marejeo wa American Psychological Association) toleo la 7, makala ya jarida la kila wiki au mwezi huandikwa na mwezi, na siku kama ipo: Bush, V. (1945, Julai). As we may think. The Atlantic Monthly, 176(1), 101–108. Mlazo (italiki) unakaa kwenye jina la jarida na ile 176 ya juzuu tu. (1) ya toleo inabaki wima, na hapo ndipo wengi ninaowasahihishia tasnifu wanapokatwa maksi. Ndani ya matini mwezi unaachwa: (Bush, 1945). Ila kama idara yenu inatumia MLA (mtindo wa marejeo wa Modern Language Association), kichwa cha makala kinawekwa kwenye alama za nukuu na tarehe inakuja baada ya jina la jarida.