Nirudi Mwaloni au nianze upya?

SWALI: Shikamoo mama. Riwaya yangu ilihusu wachuuzi wa dagaa wa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba. Wasomaji wanawataka tena watu walewale. Nirudi?
Msomaji, Igoma, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Rudi, ila na kisa kipya. Mwandishi Muhammed Said Abdulla alimrudisha mpelelezi wake, Bwana Msa, baada ya *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), akampa fumbo jingine.

Mimi nimekulia Kirumba, na mwalo haukungoji. Wavuvi walivua dagaa kwa karabai, leo wengi wana taa za sola. Tuseme mtoto aliyekuwa akianika dagaa katika riwaya yako sasa ana mtumbwi na deni la injini. Anza naye! Shujaa wa zamani apite tu, akiuliza bei.

Kwanza isome upya riwaya yako, uorodheshe majina, umri na waliokufa. Wasomaji hawamsahau aliyezama ziwani.