Jibu: uvimbe wa nyusi na upasuaji wa tundu dogo

Dada, pole na wasiwasi. Umeuliza kama uvimbe wa mwanao wa miaka 3, pembeni mwa nyusi, unaweza kutolewa kwa tundu dogo asibaki na kovu usoni. Mara nyingi inawezekana.

Uvimbe wa hapo usiouma, uliokuwepo tangu uchanga, kwa kawaida ni sisti ya demoidi: kifuko alichozaliwa nacho, ndani yake mna mafuta, pengine hata nywele. Daktari hukata kidogo kwenye nywele, juu ya paji, akapitisha kamera nyembamba chini ya ngozi hadi kukifikia. Kovu hufichwa na nywele. Ugumu uko kwenye kukitoa kizima, maana ukuta wake ukibaki, uvimbe hurudi. Kwa hiyo muulize daktari ameshafanya wangapi kwa njia hii, usione haya. Kukata kwenye mkunjo wa kope nako si kubaya hata kidogo. Kovu hufifia sana. Nusu kaputi atapewa kwa njia zote mbili.

Ila kwanza apigwe ultrasaundi. Uvimbe ulio katikati, kwenye pua au kati ya nyusi, usiguswe kabla ya kipimo cha MRI, kwani baadhi huwa na njia inayoingia hadi ndani ya fuvu. Ukikua haraka au ukizidi sentimita 5, hilo la tundu dogo lisubiri. Kwanza ijulikane ni kitu gani.

Na kilichotolewa kipelekwe maabara, hata daktari akiwa na uhakika.