Kwa vijana wanaofunga mitambo ya bendi: ethi haikatwi

Wadogo zangu wa mitambo, msimu wa harusi umeanza na tayari nimeziona tena: ekstensheni zilizofunguliwa plagi, waya wa kijani na njano, yaani ethi, waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja, umekatwa na kukunjwa ndani, kifuniko kikarudishiwa skrubu zake. Ukiuliza, jibu ni lilelile: "Laptopu ilikuwa inavuma, bro." Hilo nitalifikia na nitakaa nalo muda mrefu. Nianze na mengine kwa kifupi, kwa sababu mnayajua ila hamyafanyi.

1. Kliki (tik tik ya kumshikia mpiga drums mwendo) isitoke ukumbini. Ableton Live, programu ya kuchezea treki, ikiwa mpya kwenye mashine hupeleka Master (Main kwenye matoleo mapya), yaani sauti kuu, na Cue, sauti ya kusikiliza pembeni, zote mbili kwenye tokeo 1/2. Usipogusa kitu, kliki ya mpiga drums inawafikia wageni wote. Saundi kadi (kisanduku cha USB cha kutolea sauti ya laptopu) iwe na matokeo manne angalau: 1 na 2 treki, 3 kliki, 4 sauti ya kuhesabia. Tokeo la 3/4 lazima uliwashe kwanza kwenye mipangilio ya sauti ya programu, la sivyo hutaliona kwenye orodha. Kwenye miksa nako, chaneli ya kliki itoe kabisa kwenye L/R, njia ya spika za ukumbi, na ubaki nayo kwenye aux, njia za pembeni za masikioni, tu. Kushusha fada hakutoshi. Bibi harusi yuko mlangoni, fundi anatafuta maiki ya MC gizani, anapandisha fada ya jirani, na ukumbi mzima unasikia tik tik tik. Nimesema itoe.

2. Bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho laptopu hukiandaa kabla ya kukitoa. Kama laptopu inacheza treki tu, weka sampuli 512. Kwa 48 kHz hizo ni kama milisekunde 11 na hakuna atakayezihisi. Kinanda kikipigwa kupitia laptopu, shuka hadi 128 na ujaribu na wimbo mzito kuliko yote mliyo nayo. Faili, saundi kadi na miksa viwe kwenye kiwango kimoja cha sampuli. Faili la 44.1 likichezwa kwa 48 na programu isiyobadilisha, wimbo unakwenda mbio na unapanda karibu nusutoni moja na nusu. Hapo mwimbaji ataonekana ameharibu, na kumbe hana kosa.

3. Zima Wi-Fi kama humiksi kwa tableti, zima Bluetooth, simamisha masasisho, ondoa usingizi, na kwenye Windows izuie isikate umeme wa USB kwa kubana matumizi. Saundi kadi ichomekwe kwenye tundu la laptopu lenyewe, si kwenye habu moja na taa. Waya wa USB ufunge kwa tepu ya kitambaa kwenye meza.

4. Taa. Mstari mmoja wa DMX, ishara inayoongoza taa kwa kebo, una chaneli 512. Taa ya LED ya chaneli 7 ikianza na anwani 1, inayofuata ni 8, kisha 15, kisha 22. Andika anwani kwenye tepu mgongoni mwa kila taa, kwa sababu usiku wa manane hakuna anayekumbuka. Kebo ya maiki inaingia kwenye tundu la pini tatu, lakini haikutengenezwa kwa ohm 120 za DMX. Kwa taa nne na mita kumi itawadanganya kwamba inafaa. Mkifika taa kumi na mbili na mita arobaini, ishara inagonga mwisho wa waya na kurudi, taa zinaanza kupepesa, na mnalaumu taa za Kichina. Chukua plagi dume ya XLR, lehemu rezista ya ohm 120 kati ya pini 2 na 3, uichomeke kwenye tokeo la taa ya mwisho. Bei yake haifiki soda. Msigawanye mstari kwa kebo ya Y; ukitaka matawi, tumia splita, kisanduku cha kugawa ishara ya DMX.

Adapta ya USB ya kutolea DMX kwenye laptopu, ile ya bei ya chini kabisa, haina prosesa yake. Inaiachia laptopu kazi ya kupima muda. Laptopu ikilemewa na sauti, taa zinayumba. Nunua yenye prosesa ndani, na yenye utengano wa umeme kati ya USB na DMX. Sababu ya utengano mtaiona kwenye namba 5.

Mkiendesha QLC+, programu ya taa, kutoka Ableton (nota zipite kwa loopMIDI kwenye Windows, au IAC kwenye Mac), kila mandhari ya taa ipewe nota yake ya MIDI. Msitumie kitufe cha "inayofuata". MC atasimamisha wimbo katikati ili mjomba atunze, bendi itarudia kiitikio, na kuanzia hapo taa zitakuwa wimbo mwingine hadi mwisho. Jueni pia kwamba kitufe cha kuwasha na kuzima kikipokea nota ileile mara ya pili, kinazima. Kwa hiyo weka vitufe vyote ndani ya Solo Frame, fremu inayoruhusu kitufe kimoja tu kuwaka, na kila sehemu ya wimbo ianze kwa nota ya mandhari tupu, kisha, baada ya kitambo kidogo, nota ya mandhari unayoitaka.

5. Ethi. Tuelewane kwanza mvumo unatoka wapi.

Chaja ya pini tatu inaleta ethi hadi kwenye mwili wa laptopu. Kutoka hapo ethi inapita kwenye waya wa USB hadi saundi kadi, inapita kwenye shildi (wavu wa nje) ya kebo ya jeki hadi miksa, na miksa ina ethi yake kwenye soketi nyingine mita thelathini nyuma ya ukumbi. Njia mbili za ethi, duara limefungwa. Soketi hizo mbili hazilingani kabisa, na tofauti ndogo ya volti kati yake inasukuma mkondo kwenye shildi. Kebo isiyo balansi, ambayo shildi yake ni sehemu ya njia ya sauti, inaupokea mkondo huo kama sauti, ndipo mnasikia mvumo wa 50 Hz, ukali wa 100 Hz juu yake, na mluzi wa chaja. Chomoa chaja usikilize. Mvumo ukinyamaza, duara linapita hapo.

Kijana anakata waya wa ethi, kelele inaisha, anapongezwa. Hapo ndipo ugonjwa unapokaa, kwa sababu dawa mbaya imefanya kazi. Wiki ijayo ekstensheni ileile inawekewa amplifaya ya gita. Nyuzi za gita zimeunganishwa na brij, brij na jeki, jeki na bati la amplifaya. Siku waya wa laini, wenye umeme, utakapoachia ndani na kugusa bati lile, ethi ingekuwepo ingerusha fyuzi au RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) papo hapo. Haipo. Bati linakaa na volti 230, na nyuzi pia, na hakuna taa wala sauti ya kuonya. Mpiga gita anashika nyuzi, anasogeza midomo kwenye maiki iliyo kwenye ethi ya miksa, na umeme unapita mkononi, kifuani, hadi mdomoni. RCD za kulinda watu hukata kwenye miliampea 30, kwa kuwa juu ya hapo moyo uko hatarini. Hiyo ni chini ya mkondo wa balbu ya wati kumi.

Tarehe 3 Mei 1972, mjini Swansea, Wales, Les Harvey, mpiga gita wa Stone the Crows, alikufa jukwaani mbele ya watu baada ya kugusa maiki isiyo na ethi. Sisi tunafunga mitambo kwenye bustani za pwani, nyasi zimemwagiliwa maji jioni, wanamuziki wametota jasho. Na wapo wanaochomeka chaja ya pini mbili kwa kusukuma kijiti kwenye tundu la juu la soketi. Tundu lile ndilo la ethi.

Tiba iko upande wa ishara. Kila tokeo la saundi kadi lipitie DI ya transfoma, kisanduku kidogo kati ya saundi kadi na miksa: nne kwa matokeo manne. Bonyeza kitufe chake cha ground lift. Inakata shildi, pini 1, na ethi ya ukutani inabaki. Transfoma hiyohiyo inazuia phantom ya volti 48 ya miksa (umeme wa kulisha maiki) isiingie kwenye saundi kadi. Laptopu na miksa zichote umeme chanzo kimoja kila inapowezekana. Kebo ya DMX nayo inaunganisha ethi ya taa na ya laptopu, ndiyo maana nikasema adapta yenye utengano.

Kabla mtu hajaimba, weka multimita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye nyuzi za gita, nyingine kwenye wavu wa maiki. Isome karibu na sifuri. Ikisoma makumi ya volti, hakuna anayegusa kitu hadi chanzo kipatikane, hata kama ni chaja inayovuja kidogo tu, hata kama wageni wameshaketi na mwenye shughuli anafoka. Mwambieni mimi ndiye nimesema.

6. Jenereta. Taa laini yake, sauti laini yake. Fyuzi ya ampea 13 ni kama wati 3,000, na mashine ya moshi peke yake inaweza kula 1,500 kila inapopasha. Volti zikishuka ghafla, tazama hiyo kabla ya kulaumu fundi jenereta. Miksa, saundi kadi na ruta ziwe kwenye UPS, betri ya akiba.

7. Kuwasha: laptopu na saundi kadi, kisha miksa, spika mwisho. Kuzima: spika kwanza. Na msichomoe USB huku spika zinawaka. Mlio ule unaua twita, spika ndogo za sauti kali, na twita zinalipwa na bendi.